Kabla ya Kuondoka: Ni Nani Anayekosekana Kikosini?

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi mlio katika jeshi na polisi, leo tunakusudia kuzungumza juu ya mchezo. Huenda wapo watakaouliza mchezo una faida gani kwa mtu aliyekula kiapo cha kulinda nchi na raia wake. Tunawaomba wavute subira, kwa maana mchezo wenyewe ulizaliwa jeshini, na funzo lililomo ni funzo ambalo kila afande hulihitaji siku anapopewa watu na kuamriwa kuondoka.

Siku hizi hapa Kampala si ajabu kumwona kijana ameinamia simu yake, akiongoza kundi la mashujaa wa kubuniwa katika mapango yenye mazimwi na hazina. Hao hawi yeye mwenyewe. Yeye ni kamanda wao. Tena kabla hajapiga hatua ya kwanza, mchezo humtaka ajibu swali moja: utaondoka na nani? Jibu la swali hilo huamua karibu kila kitakachofuata.

Asili ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka 1824 afisa wa jeshi la Prussia, aitwaye Reisswitz, aliwaonyesha wakubwa wake mchezo wa vita unaochezwa juu ya ramani, ukiwa na vipande vya kuwakilisha vikosi na dadu ya kuwakilisha bahati. Jeshi hilo likauchukua kwa ajili ya kuwafunza maafisa wake. Michezo ya namna hiyo ilienea hadi mikononi mwa raia. Katika mwaka 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons. Katika mchezo huo mchezaji hakuongoza tena jeshi zima, bali mtu mmoja katika kundi dogo. Mwanzoni watu hao walikuwa wa aina tatu: mpiganaji, mwenye uchawi, na kasisi aponyaye majeraha. Mwaka 1975 akaongezwa wa nne, naye ni mwizi. Polisi wetu wasishtuke. Sababu ya kumwandikisha mwizi tutaieleza.

Kompyuta zilipoingia majumbani, mchezo huo ukahamia humo. Tuchukue mfano wa Wizardry, uliotolewa Marekani mwaka 1981 na Andrew Greenberg na Robert Woodhead. Humo mchezaji huandikisha kikosi cha watu sita na kukipeleka chini ya ardhi. Watatu husimama mbele na watatu nyuma. Wa mbele tu ndio wanaoweza kupiga kwa silaha za mkononi, na ndio wanaopigwa nazo. Wa nyuma hutumia uchawi, hutibu, au hungoja kazi yao.

Sasa tazama afanyavyo mchezaji mgeni. Kwa kuwa anadhani vita ni nguvu, huandikisha wapiganaji sita, wote wenye vifua vipana na panga kali. Katika pambano la kwanza hushinda, na moyo wake hufurahi. Lakini hapo hapo hesabu huanza kumgeuka. Watatu wa nyuma ni mashujaa wasio na kazi, kwa sababu panga zao hazimfikii adui. Watatu wa mbele wamejeruhiwa, na hakuna wa kuwatibu. Inawapasa kurudi mjini baada ya mapambano mawili au matatu. Wamekuta sanduku la hazina, lakini lina mtego, na hakuna mwenye vidole vyepesi vya kuutegua. Mpiganaji akilifungua kwa ubabe, sindano ya sumu humchoma, na sumu huendelea kumla kwa kila hatua anayotembea. Hatimaye hukutana na maadui wengi kwa mara moja. Mwenye uchawi angewalaza usingizi kundi zima kwa neno moja; mpiganaji lazima amkabili mmoja baada ya mwingine, na wale wengine hawamngoji.

Mchezaji mzoefu huandikisha vingine. Mbele huweka wapiganaji watatu, au wawili pamoja na kasisi, kwa kuwa kasisi naye huweza kuvaa deraya. Nyuma huweka mwizi wa kutegua mitego, mwenye uchawi, na mponyaji ikiwa hakuwekwa mbele. Fedha kidogo walizo nazo sita hao huzikusanya pamoja, na kununua kwanza deraya na ngao za wale wa mbele, kwa maana wakianguka hao, wa nyuma hawana muda mrefu. Mwenye uchawi siku ya kwanza ni mtu dhaifu kabisa: pigo moja humuua, na uchawi wake huisha baada ya kuutumia mara chache. Wageni wengi humwacha kwa sababu hiyo. Wazoefu humlinda, wakijua kwamba atakapokomaa yeye ndiye atakayewatoa mahali ambapo upanga hauwezi kuwatoa.

Upo pia mchezo wa Kijapani, Final Fantasy, uliotolewa mwaka 1987. Katika huo mchezaji huchagua watu wanne kutoka aina sita, naye hawezi kumbadilisha hata mmoja hadi mwisho wa safari. Aliyekosea kuchagua hubeba kosa lake njia nzima.

Kwa hiyo kanuni tunayoipata ni hii: kikosi hakijengwi kwa kuuliza ni nani aliye hodari kuliko wote, bali kwa kuuliza ni kazi gani haina mwenyewe. Mpiganaji wa nne huongeza kidogo juu ya watatu waliopo. Mponyaji wa kwanza huleta kitu ambacho hakikuwepo kabisa.

Bila shaka atatokea mtu aseme kwamba hayo ni ya mazimwi na ndoto, na kwamba dunia ya kweli ina mambo yake. Basi na tuiangalie dunia ya kweli, kwa mfano wa safari iliyoanza Entebbe, pasipo mbali na hapa tulipo.

Kwa miaka mingi milima ya Rwenzori iliwashinda wageni walioijia. Mwaka 1889 Luteni Stairs, aliyekuwa katika msafara wa Stanley, alipanda hadi zaidi ya mita 3,000, kisha akarudi. Hakuwa dhaifu, lakini alikuwa na watu waliochoshwa na safari ndefu, wasio na nguo wala vifaa vya baridi. Mwaka 1905 walikuja Freshfield na Mumm, wapanda milima wenye ujuzi mkubwa, wakiwa na kiongozi wa milima kutoka Uswisi. Walikuja mwezi wa Novemba, na mvua ikawarudisha. Mwanzoni mwa mwaka 1906 wataalamu waliotumwa na Jumba la Makumbusho la Uingereza walipanda wakafika juu sana, lakini kazi iliyowaleta ilikuwa kukusanya wanyama, ndege na mimea, wala hawakuandaliwa kwa ajili ya barafu. Kila kundi lilikuwa na uhodari wake, na kila kundi lilikuwa na pengo lake.

Katika mwezi wa Mei mwaka huo huo alitua Entebbe Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, mwanamaji wa Italia aliyekwisha kuongoza safari za Alaska na za baharini kwenye barafu ya kaskazini. Angalieni alivyopanga watu wake. Msaidizi wake alikuwa Umberto Cagni, mwanamaji mwenzake. Kwa ajili ya barafu na miamba alileta viongozi wa milima kutoka Courmayeur: Joseph Petigax, César Ollier na Joseph Brocherel. Kwa ajili ya homa na majeraha alileta daktari, Achille Cavalli Molinelli. Kwa ajili ya mawe na udongo alikuwa na Alessandro Roccati. Kwa ajili ya ushahidi alikuwa na Vittorio Sella, mpiga picha za milima ambaye kazi yake husifiwa hata leo. Wala hakumsahau mpishi.

Nyuma yao walikuwapo wapagazi kwa mamia, waliobeba mizigo kwa miguu kutoka Entebbe hadi Fort Portal. Lakini watu wa nchi tambarare hawakuzoea baridi ya mlimani, na huko ndiko walikohitajika Wakonjo, wenyeji wa milima ile. Wao ndio waliojua njia katika matope na misitu ya juu, na ndio waliopandisha mizigo hadi Bujongolo, chini ya mwamba mkubwa, mahali palipofanywa kambi kuu. Bila wao daktari asingekuwa na dawa, mpiga picha asingekuwa na kamera, na viongozi wa Courmayeur wasingekuwa na chakula cha kuwafikisha kwenye barafu.

Cagni alishikwa na homa, akaachwa nyuma, na akajiunga na wenzake baadaye. Msaidizi wa kamanda hakuwepo, lakini safari haikusimama, kwa kuwa haikuwa imeegemezwa juu ya mtu mmoja. Tarehe 18 Juni 1906 Duke, Petigax, Ollier na Brocherel walisimama juu ya Margherita, kilele kirefu kuliko vyote vya Rwenzori, chenye urefu wa mita 5,109. Vilele vingine vikuu navyo vilipandwa, na ramani ya milima hiyo ikachorwa. Milima ikapewa majina ya Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Jina la Mkonjo mmoja aliyebeba mizigo halikuwekwa juu ya mlima wowote.

Hapo ndipo tunapopata funzo la pili, ambalo mchezo wa kompyuta haulifundishi vizuri. Katika mchezo, mwizi na mponyaji hawanung'uniki wala hawaoni wivu. Mchezaji huwapanga, nao hukaa. Binadamu sivyo alivyo. Anayebeba redio, anayepika, anayefunga vidonda na anayeendesha gari anajua kwamba sifa mara nyingi humwendea aliye mstari wa mbele. Kamanda asipomwonyesha mtu huyo kwamba nafasi yake ina heshima, siku moja atataka aondolewe hapo, na pengo litafunguka pasipo mtu kuliona.

Tuliangalie jambo hilo katika kazi zetu. Seksheni inayotoka kwenda doria porini haihitaji watu kumi wa shabaha peke yake. Inamhitaji mwenye redio atakayesikika, mwenye kujua kuzuia damu, mwenye kusoma ramani, na mwenye lugha ya wenyeji, kwa maana katika Uganda mwendo wa siku moja waweza kukutoa katika lugha moja na kukuingiza katika nyingine. Vivyo hivyo kwa polisi. Wakienda mahali palipofanyika uhalifu wote wakiwa hodari wa kukimbiza, watamkamata mtu na kupoteza kesi. Lazima awepo wa kulinda eneo lisikanyagwe, wa kupiga picha, wa kuandika maelezo yatakayosimama mahakamani, na askari wa kike ambaye mama au mtoto aliyedhulumiwa ataweza kumweleza yaliyompata. Na yule mwizi wa mchezoni? Mwenzake wa kweli ni fundi wa kutegua mabomu, mtu wa polepole na mwenye subira, ambaye wenzake wote husimama mbali wakimwombea.

Wizardry inalo tendo moja ambalo askari yeyote atalielewa. Kikosi kikifa chote mapangoni, maiti hubaki kule kule. Mchezaji hana budi kuandikisha kikosi kingine, kiende kuwatafuta na kuwarudisha. Mjini wapo makasisi wanaoweza kuwafufua kwa malipo, lakini mara nyingine hushindwa, na mtu hugeuka majivu. Hata hivyo ule ni mchezo. Anayetaka huanza upya kwa kubonyeza kitufe. Kikosi cha kweli kikiachwa porini, anayekwenda kukitafuta ni mtu mwenye mke na watoto, na hakuna malipo ya kumfufua aliyekwisha kufa.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nasi twaongeza kwamba hata vidole vitano haviwezi ikiwa vyote ni vidole gumba. Kwa hiyo, afande uliyekabidhiwa orodha ya majina jioni hii, kabla ya kutia sahihi yako uisome mara mbili. Mara ya kwanza tazama ni nani waliomo. Mara ya pili tazama ni kazi gani haina mtu, kisha umtafute mtu huyo kabla gari halijawashwa.