Mikoko, tope la mto na bahari inayopanda

Kati ya mwaka 1901 na 1971, usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa milimita 1.3 kwa mwaka. Kati ya 2006 na 2018 kasi hiyo ilifikia milimita 3.7. Kwa mikoko, ambayo huota pale maji yanapojaa na kupwa, uhai unategemea jambo moja: ardhi iliyoishikilia nayo ipande.

Ardhi hiyo hupanda kwa njia mbili. Maji yakijaa huja na tope. Yakipita katikati ya mizizi hupungua mwendo, tope likatuama. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa kuliko siku za kawaida, tope hilo hufika hadi kwenye miti ya nyuma, karibu na nchi kavu. Njia ya pili ni mizizi yenyewe: mipya huongezeka chini kwa chini, na iliyokufa huchelewa kuoza kwa kuwa udongo ule hauna hewa.

Lakini uwezo huo una kikomo. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023 ulionyesha kuwa bahari ikipanda milimita 4 kwa mwaka, kuna uwezekano mkubwa ardhi ya mikoko ikaanza kuachwa nyuma. Ikifika milimita 7, uwezekano huo unakaribia uhakika.

Tope nalo likizidi ni balaa. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara hadi hori ya Mwache, karibu na Mombasa, na mikoko mingi ikafa. Mkoko huvuta hewa kwa vitundu vilivyo kwenye mizizi yake ya juu. Vikifukiwa, mti hukauka ukiwa umesimama.

Kwa hiyo hatima ya mikoko huamuliwa pia mbali na pwani. Mlima ukikatwa miti, tope huja kwa wingi. Mto ukizibwa, tope hubaki nyuma ya ukuta. Delta ya Rufiji nchini Tanzania, yenye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki, hulishwa na mto ambao Desemba 2022 ulianza kujaza Bwawa la Julius Nyerere. Umeme wa megawati 2,115 ni neema kwa taifa, ila bwawa kubwa hunasa mchanga na tope ambavyo vingefika delta.

Mikoko ikizidiwa na maji hurudi nyuma kuelekea nchi kavu, mbegu zake zikiota pale bamvua inapofika. Ikikuta ukuta, shamba la mpunga au la chumvi, haina pa kwenda.

Kupanda miche ufukweni ni jambo jema, lakini halitoshi. Wanaopanga mabwawa wapime na tope linalofika baharini, na halmashauri za pwani ziache ardhi wazi nyuma ya mikoko kabla haijajengwa.