Tathmini ya Kihariri Msimbo Chenye Akili Unde: Mfano wa Zamu za Maji ya Ndiva Wilayani Same

Kihariri msimbo chenye akili unde, kama vile Cursor kilichojengwa juu ya Visual Studio Code, humwezesha mtayarishaji programu kueleza kazi kwa maneno ya kawaida na kupokea msimbo uliokwisha kuandikwa. Aghalabu zana hizi husifiwa kwa kasi. Kigezo hicho hakitoshi, wala hakipimiki kwa kuwauliza watumiaji. Katika utafiti wa taasisi ya METR uliotolewa mwaka 2025, watayarishaji programu wazoefu 16 walifanya kazi 246 katika miradi waliyoifahamu vyema. Waliporuhusiwa kutumia akili unde, walichelewa kwa asilimia 19, ilhali wenyewe waliamini kuwa wameharakishwa kwa asilimia 20.

Kigezo kizito zaidi ni uwezekano wa kulibaini kosa kabla halijamfikia mtu. Milima ya Upare inatoa mfano mzuri. Ndiva ni bwawa dogo la asili ambalo hukinga maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi hufunguliwa, na maji hufuata mfereji hadi kwenye shamba la mwenye zamu. Ichukuliwe kwamba mtayarishaji programu anakiagiza kihariri kiandike programu ya kuwatumia wakulima ujumbe wa zamu kwa simu, na katika maelezo yake anataja “saa tatu asubuhi”. Kwa msemaji wa Kiswahili hiyo ni 09:00. Kihariri kikiisoma kama 03:00, mkulima ataitwa mferejini gizani, wakati ndiva ingali inajaa. Na anayeamini kwamba zamu imempita huenda akagombana na jirani asiye na hatia.

Kosa hili halivunji programu. Msimbo utaendeshwa bila onyo lolote. Zaidi ya hayo, kihariri hichohicho kikiombwa kuandika majaribio ya kuuhakiki msimbo, kinaweza kuyajenga juu ya tafsiri ileile potofu, na majaribio yote yakafaulu. Hapo ndipo kasi inapogeuka hasara: kadiri msimbo unavyotoka kwa wingi na kwa sura safi, ndivyo jicho la mhakiki linavyolegea.

Suala la faragha nalo halipaswi kupuuzwa, kwa kuwa zana za aina hii kwa kawaida hupeleka sehemu za msimbo kwenye seva za mbali. Orodha halisi ya majina na namba za simu za wakulima ikiachwa ndani ya faili za mradi, suala hilo linaangukia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kwa hiyo tathmini yenye maana huanza kabla kihariri hakijafunguliwa: mgawaji maji wa ndiva anaombwa kutaja zamu za juma zima kwa maneno yake mwenyewe, mtayarishaji programu anaziandika kwa saa 24 mbele yake, na jedwali hilo ndilo msimbo wa kihariri unalopimwa nalo.