Barabara za Majani Chai Ziwe Darasa la Vijana Wetu

Mgeni afikapo Kericho huonyeshwa rangi ya kijani. Hupelekwa kando ya shamba, akapiga picha ya michai iliyokatwa kimo kimoja kama zulia, kisha akaenda zake. Asichoonyeshwa ni barabara nyekundu za moramu zilizojificha ndani ya kijani hicho, zikizunguka vilima vya Kericho na Bomet kama mishipa katika mwili. Leo nakusudia kuzitetea barabara hizo. Nadai kwamba vijana wetu wanastahili kuzipita kwa baiskeli, kwa mpango na kwa usalama, na kwamba walimu ndio wa kwanza wanaopaswa kuupigania mpango huo.

Yafaa kwanza tujue barabara hizi zilizaliwaje. Jani la chai halivumilii kukawia. Likishachumwa huanza kunyauka, na likirundikana hupata joto na kuharibika, hivyo sharti lifike kiwandani siku iyo hiyo. Kwa sababu hiyo, tangu makampuni makubwa yalipoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, kila shamba lilichongewa njia ya kupitisha matrekta na malori. Wakulima wadogo walipopata chombo chao, KTDA, mwaka 1964, vituo vya kununulia chai navyo vilihitaji njia. Matokeo yake ni kwamba sehemu chache za nchi yetu zina barabara za changarawe zilizosongamana kama hapa.

Njia hizi zina tabia yake, na aijuaye tabia hiyo huweza kupanga safari bila kuchoka bure. Nyingi hufuata mgongo wa kilima, kwa kuwa mabondeni mna mito. Basi apitaye mgongoni huenda kwa wepesi, na akatizaye mabonde hushuka mtoni na kupanda tena, mara baada ya mara, hata mapaja yakalia. Mwanafunzi anayeanza na apewe mgongo. Aliyekwisha kuzoea na apewe mito. Tena wote na waondoke alfajiri, kwa maana mvua ya Kericho hupenda kunyesha alasiri, mara nyingine ikiandamana na mawe, na moramu iliyolowa huteleza kama sabuni.

Huenda msomaji akaniuliza: baiskeli na changarawe vina uhusiano gani na elimu? Ulimwengu umekwisha kujibu sehemu ya swali hilo. Umezuka mchezo wa baiskeli zilizoundwa kwa ajili ya njia za vumbi: fremu nyepesi, usukani uliopinda, tairi pana kiasi zisizojazwa upepo mwingi, na gia nyepesi za kupandia milima. Mashindano ya kwanza rasmi ya dunia ya mchezo huo yalifanyika Italia mwaka 2022. Kwetu Kenya, mwaka 2021, zilianzishwa mbio za siku nne katika nchi ya Mara, na waendeshaji wa Afrika Mashariki wakapimana nguvu na wageni kutoka Ulaya na Marekani. Marehemu Suleiman Kangangi, Mkenya aliyekuwa nahodha wa timu ya Amani, alikutwa na mauti Agosti 2022 akishindana katika mbio za changarawe jimboni Vermont, Marekani. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika barani Afrika. Kericho iliyomzaa Wilson Kiprugut, Mkenya wa kwanza kutwaa medali ya Olimpiki, huko Tokyo mwaka 1964, haikosi vijana wenye mapafu ya kazi hiyo.

Lakini medali si hoja yangu kuu. Hoja yangu ni kwamba hakuna kitabu cha jiografia kinachoweza kushindana na safari mbili nitakazozitaja.

Ya kwanza ni fupi. Yapata kilomita nane mashariki ya mji wa Kericho kuna bustani ya miti ya Chagaik, kando ya bwawa lililofunikwa na mayungiyungi. Miti yake ilipandwa katika miaka ya 1940 na mwenye shamba aliyeitwa Tom Grumbley. Hapo mwanafunzi wa sayansi atajifunza mti mgeni na mti mwenyeji, na jinsi maji yaliyotuama yanavyozaa maisha tofauti na maji yanayokwenda mbio. Akirudi mjini na kusimama juu ya mto Kiptariet, ataona tofauti hiyo kwa macho yake.

Ya pili ni ya wenye nguvu, nayo yatoka Sotik hadi Bomet. Sotik u kando ya mto Kipsonoi. Maji ya Kipsonoi huungana na ya Yurith kuwa mto Sondu, ambao huzungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu kabla ya kumwagika katika Ghuba ya Winam. Bomet nao u kando ya Nyangores, mto uangukao kwa kishindo pale Tenwek, ambako hospitali ya misheni ilitega maporomoko hayo ili kujipatia umeme. Nyangores hukutana na Amala kuwa mto Mara, ukawanywesha nyumbu wa Maasai Mara na Serengeti, na kuingia ziwani upande wa Tanzania, karibu na Musoma. Mito yote hiyo ni watoto wa msitu wa Mau. Kwa asubuhi moja tu mwendesha baiskeli huvuka mgongo unaoyatenga maji ya Sondu na maji ya Mara. Tone likianguka upande huu litafika Ziwa Viktoria kwa njia ya Kenya. Likianguka upande ule litapitia nchi mbili kabla ya kufika ziwa lilo hilo. Mtoto aliyeupanda mgongo huo kwa miguu yake mwenyewe hatasahau maana ya kigawa-maji, wala hatahitaji kuhubiriwa kwa nini mkaa wa Mau unamhusu mvuvi wa Musoma.

Kwa nini basi watoto wetu hawafanyi safari hizo? Jibu la kwanza ni hofu, nayo ni hofu ya haki. Njia ya lami ya kufikia Chagaik ni barabara kuu iendayo Nakuru. Katika barabara iyo hiyo, kwenye makutano ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo tarehe 30 Juni 2023 na kuwaua watu zaidi ya 50, wengi wao wachuuzi na wasafiri waliokuwa kando ya barabara. Mwalimu gani atawatoa watoto darasani kuwapeleka katika njia ya namna hiyo kwa baiskeli? Na ilhali hatua chache kutoka hapo, nyuma ya ua, ipo njia ya moramu isiyopitwa na lori hata moja Jumapili nzima.

Jibu la pili ni geti. Njia nyingi zilizo bora ziko ndani ya mashamba ya makampuni, na mlinzi ana amri yake. Siwalaumu wenye mashamba kwa kuchelea ajali na wizi. Ila nao wakumbuke kwamba ardhi hii ina kidonda. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwatoa watu wa ukoo wa Talai katika nchi hii ikawapeleka Gwassi, na madai ya fidia na ardhi yangali hai. Ruhusa ya kupita kwa baiskeli haiwezi kuwa badala ya haki hiyo, na asitokee wa kuiuza kama fidia. Hata hivyo, kijana aliyezaliwa ubavuni mwa shamba hastahili kulijua kwa kulichungulia tu.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, serikali za kaunti za Kericho na Bomet ziandikiane mapatano na makampuni, zitaje njia, siku na saa: Jumapili asubuhi, kwa mfano, matrekta yakiwa yamelala. Pili, tuanze bila kungoja mapatano hayo katika barabara za wakulima wadogo, ambazo ni za umma tayari. Ziwekwe alama na madaraja ya miguu mitoni yatengenezwe. Tatu, kila shule iwe na baiskeli chache za pamoja, za wasichana na wavulana sawia, na karakana ndogo ya kuzitengeneza. Baiskeli ya bei haihitajiki. Ile nyeusi nzito ibebayo maziwa itafaa kwa safari ya mgongoni, mradi breki zake zishike.

Wako watakaosema kwamba huu ni mchezo wa matajiri na watalii. Utakuwa hivyo kweli, iwapo tutawaachia. Mei 2023 vijana wenye hasira waliteketeza mashine za kuchumia chai, wakilia kwamba zimewanyang'anya kazi. Vijana hao wanazijua njia hizi kuliko mtu yeyote. Watalii wakija kesho, heri wamkute kijana wa Litein akiwa kiongozi na fundi wao, kuliko akiwa mbeba mizigo.

Walimu wenzangu, likizo ijayo chukueni ramani, mzichore njia zilizo karibu na shule zenu, mpeleke michoro hiyo kwa wawakilishi wa wadi. Mwenye shamba hatafungua geti ambalo hakuna aliyelibisha.