Mkaratusi Usiohitaji Dawa

Je, wajua kwamba upo mkaratusi ambao nguzo ya kiini chake hukaa ardhini zaidi ya miaka 25 bila dawa yoyote? Kwa kitaalamu unaitwa Eucalyptus bosistoana. Kwao ni kusini-mashariki mwa Australia, na jina hilo ulipewa kwa heshima ya Joseph Bosisto, mfamasia aliyeanzisha biashara ya mafuta ya mikaratusi huko Victoria miaka ya 1850. Ubao wake hata ukikauka huzama majini.

Wanaouhangaikia sana leo ni watu wa New Zealand, na sababu ni zabibu. Huko Marlborough mizabibu hutambaa kwenye nyaya zilizoshikiliwa na nguzo za msonobari zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki. Mashine za kuvunia zikipita, nguzo huvunjika, na vipande vyake havifai hata kwa kuni, maana moshi na majivu yake ni sumu. Mwaka 2008 watafiti na wakulima wakaanzisha mpango wa kupanda mikaratusi migumu katika maeneo makavu ya nchi hiyo, bosistoana ukiwemo.

Uimara huo unatoka kwenye kiini. Mti unapokua hujaza sehemu yake ya ndani kemikali zinazozuia kuvu na wadudu. Sehemu nyeupe ya nje huoza upesi kama ya mti mwingine wowote. Tatizo ni kwamba miti miwili ya umri mmoja, iliyosimama shamba moja, inaweza kutofautiana kabisa kwa ndani. Ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Canterbury hutoboa shina na kuchomoa kijiti chembamba cha mbao, wakapima upana wa kiini, kisha wakakimulika kwa miale ya infraredi kukadiria kemikali zilizomo. Mti unabaki umesimama. Kwangu mimi, kazi hii ina thamani zaidi kuliko kupima urefu, ambapo wapandaji wengi huishia.

Jaribio la pili litamgusa kila fundi wa Afrika Mashariki aliyewahi kupasua gogo la mkaratusi akaona mbao zinapinda na kuchanika mbele ya msumeno. Mbao ya nje ya shina huwa imevutika, ya katikati imebanwa. Ukikata, nguvu hiyo hufunguka. Watafiti wa Canterbury hukata mashina ya miti michanga, wakayapasua katikati kwa urefu na kupima nusu mbili zimeachana kiasi gani. Mti ambao nusu zake zimeachana kidogo huchaguliwa, na kisiki chake huchipua tena, hivyo mbegu bora haipotei.

Adui bado yupo: mbawakawa Paropsis charybdis, mgeni mwingine kutoka Australia, hula majani machanga mpaka ukuaji ukadumaa. Mwaka 2019 mamlaka ya mazingira ya New Zealand iliidhinisha kuachiliwa kwa nyigu mdogo wa Tasmania, ambaye hutaga yai ndani ya buu la mbawakawa huyo.