Jinsi Tulivyoitia Ndono katika Kinanda

Wasomaji wengi wa gazeti hili wamekwisha kusikia kinanda cha umeme kikipigwa kanisani au arusini, wakastaajabu chombo kimoja kutoa sauti ya filimbi, ya gita na ya tarumbeta. Hapana uchawi. Yuko mtu aliyepiga tarumbeta ya kweli mbele ya kinasa sauti, na kinanda chatukumbusha tu aliyoyapiga.

Mashine hupima mtikisiko wa hewa mara nyingi mno. Katika sahani za muziki ziitwazo CD ni mara 44,100 kwa kila sekunde. Hesabu hizo huwekwa akiba, na ukibonyeza kibao zasomwa tena, zikawa sauti. Sauti iliyonaswa hivyo huitwa sampuli. Mojawapo ya vinanda vya kwanza vya namna hii, Fairlight CMI, kilitoka Australia mwaka 1979, na bei yake ilikuwa ya matajiri. Siku hizi kompyuta ya shule yatosha.

Kinanda chetu kina sauti tele za Ulaya, lakini ndono haimo. Kwa wasioifahamu (nao wapo, hata miongoni mwa Wasukuma tuliozaliwa papa hapa Bariadi), ndono ni upinde wenye waya na kibuyu. Mpigaji hugonga waya kwa kijiti chembamba, huku akifungua na kuziba mdomo wa kibuyu kifuani mwake.

Basi tulimwendea guku mmoja kijijini, naye akaturuhusu. Tulinasa alfajiri, kabla ya upepo. Majogoo hatukuweza kuyazuia. Tulimwomba agonge mara moja, kisha angoje hata sauti ife kabisa. Kazi hiyo ilimchosha, maana aliyezoea kupiga wimbo haoni faida ya kugonga mara moja na kunyamaza. Alitupa waya mtupu na waya uliobanwa kwa kidole. Kila mmoja kwa kibuyu wazi na kibuyu kilichozibwa. Tena kwa upole na kwa nguvu. Jumla sampuli 8.

Shuleni tulizitia katika Polyphone, programu isiyouzwa. Kwanza hukatwa kimya cha mwanzoni, ama sivyo sauti huchelewa nyuma ya kidole. Halafu kila sampuli hupewa kibao chake. Kinanda hupima nguvu ya kidole kwa hesabu ya 1 mpaka 127, nasi tukaagiza sauti ya upole itoke chini ya 80, na ile ya nguvu juu yake. Sampuli moja yaweza kuhudumia vibao kadhaa, kwa kusomwa haraka zaidi au polepole zaidi, lakini usiivute mno. Ukipanda vibao 12 husomwa kwa mwendo maradufu: sauti ya sekunde 2 huwa ya sekunde 1, na ndono yalia kama mbu. Sisi tuliishia vibao viwili kila upande.

Kosa letu lilikuwa hili. Kati ya kibao na kibao mna sehemu 100 ziitwazo senti. Programu ilionyesha kwamba waya mtupu umezidi kibao chake kwa senti 35, nasi, kwa kujiona wajuzi, tukaunyosha. Guku aliposikilizwa kazi hiyo alitabasamu, akasema ni chombo kizuri, akauliza ni cha nani.

Tulirudisha zile senti 35. Wenzetu wa kwaya walalamika kwamba sasa haipatani na piano, na ni kweli. Lakini piano tunazo nyingi mle kinandani.

Tulirudi kwa guku baada ya masika ili tunase mgongo wa polepole zaidi, tukakuta kibuyu kimepasuka. Ametia kingine, na sauti yake ni nzito kidogo. Tumeanza tena, sampuli nyingine 8, na zile za kwanza hatukuzifuta.