"Hang up": Ni Kipi Kilichotundikwa?

Mtoto anayejifunza Kiingereza hufahamu upesi kwamba "hang" ni kutundika. Akisikia mtu akimaliza mazungumzo ya simu amefanya "hang up", hustaajabu: ametundika nini?

Zamani alitundika kweli. Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu huko Marekani mwaka 1876, na kwa miongo kadhaa baadaye simu nyingi za majumbani zilikuwa visanduku vya mbao vilivyopigiliwa ukutani. Ubavuni palikuwa na kulabu, na kipande cha kusikilizia kikining'inia hapo. Ukikiondoa, kulabu hupanda na njia ya umeme huungana; ukikitundika, uzito wake huishusha na mawasiliano hukatika. Zilipoenea simu za mezani kipande kile kikawa chalazwa, na leo twagusa kioo tu, lakini Waingereza wangali "wakitundika". Sisi twasema kukata.

Wazazi wenye watoto ng'ambo wajihadhari na pacha wake: "hang on" maana yake ni subiri, usikate! Neno moja dogo hubadilisha yote.

Tena kuna "hang up on", ambapo mtu amekatiwa angali akisema. Kiswahili chatosheka na herufi moja. Kukata simu hakuna ubaya, maneno yamekwisha. Lakini binti aliyemkatia mamake simu ana la kujieleza, kwa lugha zote mbili.