Umeme wa Atomiki na Jiko la Mama wa Arua Hill

Jua linapozama upande wa Kongo, moshi wa makaa hupanda kutoka nyua za Arua Hill. Kwa miaka mingi wakazi wa mji huu, pamoja na jirani zao wa Koboko, walizoea umeme wa saa chache uliotoka kwenye mtambo wa mafuta. Hata mto Nyagak ulipoanza kufua umeme mwaka 2012, uwezo wake ulikuwa megawati 3.5 tu. Leo nyaya za gridi ya taifa zimefika Arua, na bwawa la Karuma lenye uwezo wa megawati 600 lilizinduliwa mwaka 2024. Hivyo basi, umeme wowote utakaofuliwa Uganda siku zijazo, hata ule wa atomiki, ni jambo linaloihusu nyumba ya Arua Hill.

Mnamo mwaka 2023 serikali ya Uganda ilitangaza mpango wa kujenga kituo cha nyuklia chenye megawati 2,000 katika wilaya ya Buyende, inayopakana na Ziwa Kyoga. Ilitarajiwa kwamba megawati 1,000 za kwanza zingepatikana ifikapo mwaka 2031. Kiasi hicho cha megawati 2,000 ni zaidi ya mara tatu ya Karuma.

Umeme huu hupatikanaje?

Chembe za madini ya urani hupasuliwa ndani ya tanuri maalumu, nazo zinapopasuka hutoa joto kali. Joto hilo huchemsha maji, na mvuke wake huzungusha mtambo wa kufulia umeme, kama vile maji ya Karuma yazungushavyo mitambo yake. Kidonge kimoja cha urani, kisichozidi ncha ya kidole, hutoa joto linalokaribia lile la tani nzima ya makaa ya mawe, tena bila moshi.

Wako wanaodhani kwamba kituo cha namna hii chaweza kulipuka kama bomu lililoangamiza Hiroshima mwaka 1945, ambalo sehemu kubwa ya urani yake ilichimbwa Shinkolobwe, huko Katanga. Sivyo. Urani ya kufulia umeme haikukolezwa kiasi cha kufanya bomu. Hatari yake ni nyingine, nayo mama wa nyumbani aweza kuifahamu upesi. Ukiepua sufuria, makaa hayapoi papo hapo. Vivyo hivyo urani: hata tanuri likizimwa, huendelea kutoa joto kwa muda mrefu, na ni lazima ipozwe kwa maji wakati wote. Maji yakikosekana, huyeyuka, na mionzi yenye sumu yaweza kutoka nje.

Ndivyo ilivyotokea Fukushima, nchini Japani, tarehe 11 Machi 2011. Tetemeko la ardhi lilikata umeme wa kituo, kisha mawimbi ya bahari yakafurika na kuharibu jenereta za dharura. Maji ya kupoza yakakosa wa kuyasukuma, na watu zaidi ya laki moja wakahama makwao.

Maziwa ya Chernobyl

Tarehe 26 Aprili 1986, tanuri la Chernobyl, katika Ukraine ya leo, lililipuka kwa sababu ya kasoro za muundo wake na makosa ya wahudumu. Wakazi wa mji jirani wa Pripyat hawakuhamishwa hadi siku ya pili. Mionzi iliangukia majani, ng'ombe wakala majani, na watoto wakanywa maziwa. Baadaye maelfu ya watoto hao waliugua saratani ya tezi ya shingo. Wengi wangeokoka na maradhi hayo lau wazazi wao wangeonywa mapema wasiwape maziwa yale. Mwenzako akinyolewa, wewe tia chako maji.

Asidhani mtu wa West Nile kwamba Buyende ni mbali. Maji ya Ziwa Kyoga huteremka hadi Karuma, huingia Ziwa Albert, kisha hupita Pakwach katika safari yake kuelekea kaskazini. Samaki wavuliwao Panyimur na kuuzwa katika masoko ya mkoa huu hukulia katika maji hayo.

Hata hivyo, haifai kuhukumu kwa hofu pekee. Koeberg, karibu na Cape Town, imefua umeme wa nyuklia tangu miaka ya 1980, na Misri ilianza kujenga kituo chake El Dabaa mwaka 2022. Moshi wa kuni na makaa nao huua watu wengi duniani kila mwaka, ijapokuwa kifo chake hakitangazwi. Tena misitu ya West Nile, yenye kuhifadhi wakimbizi wengi wa Sudan Kusini, inazidi kupungua.

Uganda ilitunga Sheria ya Nishati ya Atomiki mwaka 2008 na kuunda Baraza la kusimamia usalama. Mwishoni mwa mwaka 2021 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki walikuja kupima maandalizi yake. Lakini sheria hulindwa na wananchi wanaojua kuuliza. Je, wenye mashamba Buyende watafidiwa kwa haki? Masalio ya urani, ambayo hubaki na sumu kwa maelfu ya miaka, yatahifadhiwa wapi? Wafini wamechimba pango katika mwamba, zaidi ya mita 400 chini ya ardhi, kwa kazi hiyo. Je, ajali ikitokea, mama atapashwa habari siku hiyo hiyo? Na bei ya umeme huo itamwezesha kweli kuacha makaa?

Maswali haya hayana budi kuulizwa sasa, katika mikutano ya mitaa na mbele ya wabunge, kabla jiwe la msingi halijawekwa. Tahadhari kabla ya hatari. Wakati huohuo, familia isingoje Buyende: jiko sanifu lisilokula makaa mengi, dirisha la jikoni lililo wazi, na miche michache ya miti uani ni kinga iwezayo kuanza leo.